Simu Iliyooshwa

Siku Amisi alipoanza kukosekana, mkewe Hidaya alikuwa anatwanga mpunga nyuma ya nyumba yao, mtaa wa jirani na msikiti. Alisikia milio, akafikiri ni watu wa harusi. Kisha akasikia miguu mingi ikikimbia. Aliuacha mchi ndani ya kinu, akaenda mpaka barabarani, na pale akaona moshi juu ya ukumbi ambamo wabunge wa mkoa walikuwa wanafanya vikao wiki ile. Walikuwa wamekuja Kasongo kusikiliza malalamiko ya watu wa Kabambare juu ya dhahabu ya Salamabila. Amisi ndiye alikuwa fundi sauti wa bunge. Kila neno lililosemwa mle ndani lilipita kwenye mashine yake.

Maiti za waliopigwa risasi ukumbini zilitambuliwa, majeruhi wakapelekwa hospitali. Amisi hakuonekana katika hawa wala wale.

Hivyo ndivyo Hidaya alivyomweleza Inspekta Naomie Kayumba mara ya kwanza, na Naomie aliyaandika kwenye PV, hati ya maelezo ya polisi, bila kuongeza neno. Tangu siku hiyo uchunguzi ulikuwa umesonga mbele kidogo na kurudi nyuma sana.

Tume ya uchunguzi ilikuwa imepewa chumba kimoja cha shule, chenye ubao mweusi na madawati. Juu ya madawati walipanga simu na kadi za kumbukumbu walizokusanya, kila moja ndani ya bahasha ya kaki, jina la mwenye simu juu yake, sahihi mbili kwenye kifungo. Mtaalamu wao, Laura, alikuwa ametoka Kindu na kompyuta mbili na betri ya jua. Mashine ya bunge ilikuwa imeungua. Ilibaki kutafuta sauti na picha katika simu za watu.

Na simu za watu zilikuwa zinawachanganya. Zile za waliouawa, ambazo familia zilizileta kwa hiari, zilikuwa tupu. Hakuna picha, hakuna ujumbe. Nyingine zilikuwa na Kurani tu, nyingine nyimbo za kwaya tu. Naomie alikuwa amefikia wazo moja: wauaji wana fundi wao hapa hapa mjini, naye anazunguka akifuta ushahidi.

Kisha kulikuwa na ile video. Mji mzima ulikuwa nayo. Inamwonyesha Amisi akiinuka kwenye meza yake, anakwenda kwenye mlango wa nyuma wa ukumbi, anaufungua. Halafu picha inakatika. Wauaji waliingia kwa mlango huo. Lakini je, bunduki zilikuwa zimeanza mbele kabla hajainuka, au alifungua kwanza, bunduki zikafuata? Video haikusema. Mtu fulani alikuwa ameikata mwanzo ili iwe fupi ya kutumwa, na mwingine akaondoa sauti yake akatia wimbo wa maombolezo. Simu iliyoipiga kwanza haikupatikana. Katika soko la Kasongo jibu lilikuwa limeshapatikana: Amisi ni msaliti na amekimbia.

Asubuhi hiyo Hidaya aliingia darasani bila kubisha, viatu mkononi.

"Mama Inspekta, telefoni ya Amisi imeita."

Naomie alisimama. "Imeita wapi?"

"Nitajua wapi? Kila siku ninapiga. Kila siku yule mwanamuke wa mashine ananiambia hapatikani. Leo imeita! Mutu akapokea, akasema alo. Nikasema, Amisi? Akanyamaza, kisha akakata."

"Ilikuwa sauti yake?"

"Hapana. Sauti ya mutu amekula akashiba." Akakaa kwenye dawati. "Mama, miye niko nini? Wamama wa mutaa wananiuliza, uko muke ao uko mujane? Kama niko mujane, nikae eda. Imamu anasema bila maiti na bila shahidi hawezi kuniingiza ndani ya eda. Na kule sokoni wananiita muke wa musaliti, wanakataa hata kupima muchele wangu. Uniambie moja tu. Yoyote."

Naomie alivuta dawati, akakaa karibu naye. Aliuliza, "Nyuma ya ile sauti ulisikia nini kingine?"

"Mashine ya kusaga. Na Kurani."

"Mutu anasoma?"

"Ya kurekodi. Na mutu mwingine anapiga kelele, betri yangu imejaa?"

Laura aliinua kichwa kutoka kwenye kompyuta. "Mahali pa kuchaji betri, kando ya mashine ya kusaga."

"Iko moja tu," alisema Hidaya. "Kwa Fabrice, nyuma ya soko. Lakini Fabrice ni mutu wa kwaya. Kurani inafanya nini kwake?"

Naomie alichukua kofia. "Ndiyo tunakwenda kumuuliza."

Kibanda cha Fabrice kilikuwa na paneli za jua juu ya bati, na chini yake betri na simu za watu zimelazwa kwenye ubao, nyaya zikipandiana. Fabrice mwenyewe, mnene, fulana ya kwaya ya parokia mwilini, alikuwa amekaa mbali na kompyuta yake kama mtu aliyeona nyoka. Mbele ya kompyuta kulikuwa na simu nyeupe, mgongo wake umefungwa kwa ukanda mweusi wa mpira. Waya wake ulikuwa umechomoka.

"Usiguse kitu," alisema Naomie.

"Mama, sigusi! Toka iite ile, miye mwenyewe sijaigusa."

Laura alipiga picha kwanza: kioo cha kompyuta, waya, simu, mkono wa Fabrice, vyote vilivyokuwa pale. Kisha akavaa glavu, akazima simu, akatoa betri, akatoa kadi ya kumbukumbu. Hapo ndipo alipopumua.

"Kwa nini haraka hivyo?" aliuliza Naomie kwa sauti ya chini.

"Ikiwaka, inaandika. Kila inachoandika kinakaa juu ya kilichofutwa."

Naomie alimgeukia Fabrice. "Hii telefoni ni ya nani?"

"Ya marehemu, mama."

"Marehemu gani?"

"Siulizi jina. Marehemu ni marehemu."

"Ulifanya nini nayo?"

"Niliiosha."

"Uliiosha kwa maji?"

Fabrice karibu acheke, akajizuia. "Hapana, mama. Nilifuta. Njo tunaita vile. Hawa Waislamu wa mutaa njo walinifundisha. Maiti anaoshwa, na mwenye kumuosha akiona kilema hasemi. Sasa mutu wa leo, vilema vyake viko wapi? Viko ndani ya telefoni. Picha, maneno ya wapenzi, matusi. Basi familia wanaleta, ninafuta vyote, sitazami. Kisha ninatia Kurani, wanaipa mutoto wa madrasa, thawabu zinamufikia marehemu. Wakristo wenzangu nao wameona ni vizuri, wanataka nyimbo."

"Na hujawahi kuchungulia?"

"Mama Inspekta, miye ni mukristo, lakini siko mupumbavu. Uchungulie telefoni ya mufu, usiku akufuate?"

Laura alikuwa ameacha kuandika. "Wale waliouawa ukumbini," alisema polepole. "Telefoni zao zililetwa hapa?"

"Zote walizoleta, nimeziosha. Na zile za ukumbini sikutoza hata kidogo. Ilikuwa kilio cha mji muzima."

Mashine ya kusaga iliendelea kunguruma upande wa pili wa ukuta.

"Tulikuwa tunatafuta mutu mubaya mwenye akili nyingi," alisema Laura. "Kumbe ni rehema."

Naomie alichukua benchi, akakaa mbele ya Fabrice, magoti karibu yagusane. Lile wazo lake la fundi wa wauaji lilikuwa limekufa hapo hapo. Lakini jambo jingine lilikuwa limezaliwa.

"Hii nyeupe. Ulifuta na kadi?"

"Na kadi. Ule ufutaji wa haraka. Kisha nikaanza kutia Kurani. Ilifika kama nusu, telefoni ikaita. Nikaruka, waya ukachomoka. Nikasema alo, mwanamuke akaniita kwa jina la mutu. Nikaona, huyu marehemu bado anatafutwa. Nikaacha."

"Nani aliileta?"

"Muzee Hemedi, mwenye kuuza vipuri vya kinga."

Hidaya alikuwa amesimama mlangoni pa kibanda muda wote huo. Alisema, "Hemedi?" Halafu akasema tena, kama mtu anayesoma neno gumu, "Yaya yake Amisi? Ndugu yake mukubwa?"

"Mama Hidaya," alisema Naomie, "rudi kule darasani pamoja na Laura. Ningoje pale."

Duka la vipuri vya baiskeli la Hemedi lilikuwa kwenye njia ya kwenda Kabambare. Mzee alikuwa amepindua baiskeli miguu juu, anazungusha gurudumu na kukaza spoki. Kanzu yake ilikuwa imefungwa kiunoni isichafuke.

"Salaam aleikum, Muzee Hemedi."

"Aleikum salaam. Polisi leo wananunua kinga? Petroli imekwisha?"

"Sikuja kununua. Amisi amekufa?"

Gurudumu liliendelea kuzunguka. "Mungu njo anajua."

"Mungu anajua. Nakuuliza wewe."

"Weye uko na video. Weye njo unajua yuko wapi. Si wanasema amekimbia?"

"Familia yenu haikukaa matanga," alisema Naomie. "Muke wake haiko ndani ya eda. Imamu hajasoma kitu. Lakini leo asubuhi telefoni yake imeoshwa, inatiwa Kurani. Katika nchi gani wanamuosha mutu mbele hajafa?"

Hemedi alilishika gurudumu, likasimama. "Nimekata tamaa. Mutu hawezi kukata tamaa?"

"Anaweza. Lakini hukumwambia Hidaya kwamba umekata tamaa. Na telefoni uliitoa wapi?"

"Aliiacha kwangu asubuhi ile, mbele ya kwenda kazini."

"Asubuhi ile."

"Njo hivyo. Andika."

Naomie hakuandika. Alitoa picha kwenye bahasha. Laura alikuwa ameitoa ndani ya video, akaichapisha na kuikuza: meza, mashine ya bunge, Amisi akianza kuinuka, mkono ungali mezani. Kando ya mashine kulikuwa na simu nyeupe, imelazwa kifudifudi, mgongo wake umefungwa ukanda mweusi.

"Alikuwa na desturi," alisema Naomie. "Mkewe alinieleza. Alikuwa haamini mashine moja. Kila kikao aliweka telefoni yake pembeni irekodi pia. Hii hapa. Iko ukumbini, Muzee, na yeye anainuka kwenda kwenye mulango. Kama ilikuwa kwako asubuhi, hii ni ya nani?"

Hemedi aliitazama ile picha. Alitazama ukanda.

"Ule mupira nilimukatia miye," alisema. "Wa ndani, wa kinga. Kifuniko kilikuwa kinatoka."

Alivuta kigoda, akakaa. Naomie alibaki amesimama.

"Alikuja shambani kwangu," alisema Hemedi. "Jua linakaribia kuzama. Alipita porini kwa miguu, ameshika tumbo na shati. Telefoni ilikuwa mufukoni. Nilitaka kumupandisha kinga nimulete hospitali, akakataa. Akasema, Yaya, miye njo nilifungua mulango. Akanyamaza. Akasema tena, miye njo nilifungua mulango. Mara ngapi, siwezi kukuambia. Hakusema kingine."

"Hukumuuliza kwa nini?"

"Binti yangu, mutu anakata roho, weye unamuuliza kwa nini? Nilimusomea shahada. Alikufa mbele ya alfajiri. Nikaita jirani wawili, tukamuosha, tukamuswalia, tukamuzika pale pale pembeni ya mihogo."

"Na mukafunga midomo."

"Ulitaka nifanye nini? Video ilikuwa imeshafika kila nyumba. Nimulete mjini waje wamutemee mate? Nilisema, afadhali akosekane. Mutu aliyekosekana wanamusahau. Aliyeuza wenzake hawamusahau. Nilimusitiri ndugu yangu, mama. Njo kazi yangu."

"Na Hidaya?"

Hemedi aliokota spoki, akairudisha chini.

"Anauza muchele kila siku, wanamutukana. Anapiga telefoni kila siku, anapigia kaburi. Huyo nani alimusitiri?"

"Nilikuwa nangoja mambo yapoe," alisema mzee, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kisha nimwambie."

"Utamwambia leo," alisema Naomie. "Funga duka."

Hemedi alimwambia Hidaya nje, kwenye uwanja wa shule, Naomie akiwa hatua chache kutoka kwao. Hidaya hakulia. Aliuliza kama walimwosha kwa maji ya moto. Hemedi akasema ndiyo. Aliuliza nani alishika kichwa. Hemedi akasema, mimi. Kisha wakaingia ndani wote, kwa sababu Laura alikuwa anawaita.

Laura alikuwa amefanya nakala ya kadi nzima, mpaka sehemu zilizoonekana hazina kitu, na kadi yenyewe ilikuwa imesharudi kwenye bahasha, kifungo kina sahihi yake. Naomie alitia ya kwake chini yake. Kazi ingefanywa kwenye nakala tu.

"Kufuta si kuchoma," Laura aliwaeleza. "Ni kama kung'oa jina mlangoni. Mwenye nyumba bado yuko ndani, mpaka mwingine ahamie. Sasa Kurani imehamia, lakini haikujaza nyumba yote. Nimepata vipande. Ninahitaji mwenye kuzijua sauti. Mutu akijua sauti, aseme jina. Asipojua, anyamaze. Asibahatishe."

Alibonyeza. Sauti ya mbunge ilitoka, inalalamika juu ya barabara ya Salamabila na madaraja yaliyooza. Ikakatika katikati ya neno, na kisomo kikaingia, kizuri, kirefu. Laura aliruka mbele. Kisomo tena. Akaruka. Kikohozi, karatasi, mtu akiomba maji. Kisomo.

"Hatutakuta," alisema Naomie.

"Ngoja."

Kipande kilichofuata kilianza kwa mlio. Mmoja, halafu mingi, mbali kidogo, upande wa mbele. Viti vikaanguka. Watu walipiga kelele kwa Kiswahili na Kifaransa, na mwanamke mmoja alikuwa anaita Yesu. Kisha sauti ya mwanamume, kubwa, ya mtu aliyezoea kutiiwa: "Mulango wa nyuma! Nani iko na ufunguo wa nyuma?"

Na karibu kabisa na simu, kwa utulivu, mtu akajibu: "Niko nao. Mupishe. Mupishe, wazee, nifungue mutoke."

Hidaya aliweka kiganja juu ya dawati. "Amisi."

"Una hakika?" aliuliza Naomie.

"Andika Amisi."

Kilisikika kitu kama simu kunyakuliwa mezani, mkwaruzo wa nguo, halafu kisomo kikarudi na hakikuondoka tena. Laura alienda mpaka mwisho wa kadi. Hakukuwa na kingine.

Hemedi alikuwa ameinamisha uso mpaka kofia ikaanguka sakafuni. "Alifungua watoke," alisema. "Alikuwa anataka kuniambia. Alifungua watu watoke, na miye nikafikiri..." Hakumaliza. "Nusu ile nyingine, mama Laura. Ile niliyojaza. Haiwezi kurudi?"

"Hapana, Muzee. Iliyoandikiwa juu hairudi."

"Niliijaza kwa maneno ya Mungu."

"Ndiyo."

Naomie alienda kwenye ubao. Aliandika: *Bunduki za mbele zilitangulia. Mlango ulifunguliwa baadaye.* Alibaki ameshika chaki. Chini yake aliandika maswali. Nani aliulizia ufunguo? Hidaya hakuijua sauti ile, wala Hemedi. Waliosimama nje walijuaje kwamba mlango utafunguliwa? Walikuwa wanawasubiri watu watoke, au walikuwa wanamsubiri mtu mmoja? Alitazama maandishi yake. Mambo mawili yalikuwa wazi na mengine yote yalikuwa yamechanganyika zaidi ya asubuhi.

"Lakini jina lake," alisema Hidaya.

"Nitaandika leo kwamba alifungua baada ya milio, kwa kuokoa. Parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, itapata nakala ya sauti. Lakini mwendesha mashtaka hawezi kufunga faili ya mutu bila kuona maiti. Itabidi kaburi lifunguliwe."

"Lini?"

"Kesho."

Imamu aliitwa. Alikuja na fimbo yake, akasikiliza sauti mara moja tu, akamuuliza Hemedi maswali mbele ya wale jirani wawili waliozika, siku gani, wakati gani, nani alisimama mbele kwa swala. Kisha akamgeukia Hidaya.

"Eda inaanza siku mume anapokufa, siyo siku muke anaposikia. Zile siku zako zote za sokoni zimeshahesabiwa, binti yangu. Ulikuwa ndani yake bila kujua. Zilizobaki, uzikae."

"Nataka kumuona," alisema Hidaya. "Kesho. Mbele hawajamufunika tena."

Imamu alitikisa kichwa kukataa. Hidaya alimtazama Naomie. Naomie alipangusa chaki mikononi.

Wanawake wa mtaa walikuja na shuka jeupe, wakamchukua kabla ya magharibi. Mmoja wao alikuwa yule aliyekataa kupima mchele wake. Alimshika mkono njia nzima.

Kesho asubuhi kaburi lililo pembeni ya mihogo litafunguliwa mbele ya mwendesha mashtaka, Inspekta Kayumba na Hemedi. Hidaya hatakuwepo. Yuko ndani ya eda, na mwenye eda hatoki nyumbani.